Sauti Namba Saba

Simu ya Odilia Chaula iliita Jumamosi saa nne asubuhi, akiwa uwanjani anamtazama binti yake akicheza netiboli. Wazazi waliokaa naye kwenye benchi waligeuka wote. Mama mmoja alimshika begani kabla hata hajajua kuna nini, kwa sababu katika Kitulo Mjini, mwaka wa tatu tangu Mlango uanze kazi, simu haikuita bure. Ikiita, ujue mtoto hajarudi, au nyumba inaungua, au mtu amezidiwa, au amekufa.

"Shikamoo, shemeji," alisema Obadia, mume wa mdogo wake.

"Marahaba. Sema, Obadia."

"Yusta ametutoka. Yeye na mtoto."

Odilia alisimama, kisha akakaa tena. Yusta alikuwa mdogo wake wa pekee. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na mimba ya miezi minane, ya kwanza kushika tangu aolewe miaka kumi na saba iliyopita.

"Mimi nimerudi jana jioni kutoka kambi ya mbao," Obadia aliendelea. Alikuwa anazungumza polepole kama mtu anayesoma barua ya mwingine. "Nimemkuta yuko sakafuni, anatetemeka mwili mzima. Ndege ya dawa isiyo na rubani ikaja, mganga wa zahanati akaja. Wanasema ni kifafa cha mimba, presha ilikuwa imepanda siku nyingi. Amekata roho alfajiri. Shemeji, jirani anasema alikuwa anakupigia. Wiki nzima alikuwa anakupigia. Hukumpata?"

Uwanjani watu walishangilia. Wema, binti yake, alikuwa amefunga. Alikimbia kuelekea kwenye benchi huku anacheka, mikono juu, akamwona mama yake akasimama.

*

Walipanda basi la umeme la saa sita kwenda Ilevelo. Njiani Wema alilala akiegemea dirisha. Odilia aliitazama simu yake iliyokuwa kimya mapajani, akawa anahesabu siku. Kesho saa nane mchana Ghala lingefunguliwa.

Yeye ndiye aliyeufundisha Mlango kusikiliza. Mtu akipiga simu, sauti ya mashine ilimuuliza kwanza, "Jambo lako ni la muhimu?" Akijibu ndiyo, alipita. Akidanganya mara tatu, alinyimwa haki hiyo kwa mwezi mzima. Akijibu hapana, maneno yake yaliwekwa Ghalani, yakatolewa pamoja na ya watu wote Jumapili mchana. Picha, vichekesho, umbea, video, magomvi ya vikundi vya harusi, vyote vilisubiri Jumapili. Hospitali, shule, kazi na malipo havikuzuiwa.

Wakosoaji walikuwa wameuliza swali moja zito: je, asiyejua kwamba yuko hatarini? Odilia ndiye aliyelijibu. Alitengeneza kitu walichokiita sikio la pili. Hata mtu akisema jambo lake si la muhimu, mashine ilimsikiliza nusu dakika, ikapima pumzi, mtetemo wa sauti, na jinsi maneno yanavyokatika. Ikikuta dalili za maumivu au hofu, ilimfungulia yenyewe. Sikio hilo lilikuwa limeshaokoa watu. Odilia alikuwa na orodha yao ukutani ofisini, na siku za uchovu aliisoma.

Basi kwa nini halikumfungulia Yusta?

Alijipa jibu kabla basi halijafika. Labda jirani alikosea. Labda Yusta hakupiga kabisa.

*

Walimzika Jumapili saa saba, yeye na mtoto wake wa kiume katika jeneza moja. Mchungaji alikuwa bado anashukuru wageni wakati saa nane ilipofika, na Ghala likafunguka. Simu zaidi ya mia mbili zililia kwa pamoja, mifukoni, kwenye mikoba, chini ya khanga za akina mama waliokaa chini. Watu waliinama kwa haya wakazizima moja baada ya nyingine.

Odilia aliitazama yake. Jumbe arobaini na moja. Nne zilikuwa za Yusta.

Aliondoka taratibu, akapita nyuma ya jiko walipokuwa wanapakua ubwabwa, akaenda kukaa kwenye tuta la shamba la pareto. Alizisikiliza zote.

Jumatatu: "Dada, mimi Yusta. Hamjambo huko? Wema hajambo? Sisi wazima kabisa. Mvua inatupiga kila siku. Miguu imevimba, viatu vya kanisani vimenikataa, jana nimekwenda na kandambili kama mtoto." Akacheka. "Haya, nilikuwa nakusalimu tu."

Jumatano: "Dada, ni mimi tena. Kichwa kinanigonga tangu jana, nadhani ni huu moshi. Kuni mbichi. Obadia hayupo, yuko kambini mpaka mwisho wa wiki. Kliniki yangu ni Jumatatu ijayo. Msalimie mwanangu Wema."

Alhamisi: "Dada, wewe ulipokuwa na mimba ya Wema uliwahi kuona kama cheche zinaruka machoni? Mimi leo nimeziona mchana kweupe. Nikacheka peke yangu. Nikasema nimuulize dada, yeye amepitia."

Odilia alikuwa ameziona. Zilimlaza hospitali wiki mbili, miaka kumi na mitano iliyopita, na daktari alimwambia kwamba angechelewa siku moja zaidi wangewapoteza wote wawili. Hakuwahi kumsimulia Yusta kwa undani, maana Yusta wakati ule alikuwa analilia mtoto, na habari za mimba zilikuwa zinamchoma.

Ijumaa sauti ilikuwa nzito, na pumzi zilikuwa fupi. "Dada. Mashine yako imeniuliza tena kama ni muhimu. Nimeiambia hapana, nisije nikakukatisha kazi. Lakini ukipata nafasi, nipigie. Nimechoka kidogo leo. Nipigie tu tuongee."

Aliposhusha simu, Obadia alikuwa amesimama hatua chache nyuma yake, kofia mkononi. Hakuwa amesikia, upepo ulikuwa unavuma kutoka kwake kuja kwa Odilia.

"Mimi nimepata mbili," alisema. "Zote ananiuliza kama nimekula. Wewe amekuachia?"

Odilia aliitazama ile kofia. "Hapana," akasema.

Obadia alitikisa kichwa. "Basi jirani amekosea. Nami nimesema vibaya, tena jana nimesema mbele ya watu, kwamba dada yake hakupokea. Nisamehe, shemeji. Uchungu ulinizidi."

"Nimekusamehe," alisema Odilia, na hata yeye mwenyewe alishangaa jinsi neno lilivyotoka laini.

*

Jumanne asubuhi alikuwa kazini, katika jengo la Shirika la Utulivu, amejifungia na kumbukumbu za Mlango. Hakuruhusiwa kusikia simu ya mtu yeyote, lakini vipimo vyake aliruhusiwa kuviona. Aliitafuta simu ya Yusta ya Ijumaa.

Pumzi: juu ya kiwango. Mtetemo: juu ya kiwango. Maneno kukatika: juu ya kiwango. Uamuzi: zuia.

Chini yake kulikuwa na mstari mmoja wa sababu. *Inafanana na sauti ya kipimo namba saba.*

Alikumbuka kila kitu bila kufungua faili. Mwaka ule wa kwanza, mashine ilikuwa inafungulia kila mtu wa milimani, kwa sababu watu wa milimani huongea na simu huku wanapanda, na pumzi zao ni za juu siku zote. Ilihitaji kuonyeshwa mfano wa mtu anayehema lakini ni mzima. Zilitafutwa sauti kumi na mbili za watu wanaopiga soga zisizo na jambo. Walikuwa wamepungukiwa moja, na muda ulikuwa umekwisha. Odilia alikuwa na miaka mitatu ya simu za mdogo wake, zote amezihifadhi, Yusta akipanda kutoka kisimani na ndoo kichwani, akihema, akicheka, akieleza habari za kuku. Alizileta ofisini, zikawa namba saba. Hakumwomba ruhusa, aliona ni jambo dogo, tena aliona ni kama kumpa heshima. Aliiambia mashine: huyu akihema, usiogope. Hii ndiyo sauti ya mtu asiye na shida.

Mashine ilikuwa imemwamini.

Halafu akauliza swali la pili, ambalo lilimtisha kuliko la kwanza. Tangu Ghala lifungwe tena Jumapili, ni watu wangapi wengine sikio la pili lilisikia dalili zao, kisha likawazuia kwa sababu sauti zao zilifanana na namba saba? Jibu lilikuja mara moja. Watu sitini na watatu. Simu zao zote zilikuwa Ghalani, na zingekaa humo siku tano nyingine.

*

Mkurugenzi wake, Benaya Tweve, alikuwa mtu mpole ambaye alikuwa ameacha kazi ya udaktari wa vijana ili kuanzisha Mlango. Alimsikiliza Odilia bila kumkatisha. Alipomaliza, alivua miwani.

"Pole sana, mama Wema," alisema. "Pole kwa mara ya pili, maana hili la mashine ni msiba wa pili."

"Asante."

"Namba saba naiondoa leo hii, kabla sijanywa chai. Kuanzia saa hii hakuna atakayezuiwa tena kwa sauti ile."

"Na hao sitini na watatu?"

Hakuna aliyeweza kusikiliza Ghala, hata Tweve. Sheria ilikuwa wazi, na bila sheria ile watu wasingeukubali Mlango. Kitu pekee kilichowezekana ni kutoa simu hizo kwa wenyewe kabla ya Jumapili, na kila simu iliyotolewa kabla ya wakati ilipaswa kuambatana na tangazo la sababu. Tangazo lingesema kwamba sikio la pili limekosea, na tangu lini. Bodi isingekuwa na namna, ingeufunga Mlango.

"Wengi wao ni salamu tu," alisema Tweve. "Unajua hivyo kuliko mimi."

"Yusta naye alikuwa anasalimu tu."

"Najua. Lakini nikupeleke wodi ya vijana waliougua kwa ajili ya simu? Kulikuwa na vitanda ishirini. Leo kuna viwili, na kimoja kina maboksi. Wale watoto watarudi, Odilia, wala sisemi kukutisha. Nimewapima mimi mwenyewe. Nilimpima Wema. Alikuwa na kilo thelathini na moja, hali, halali, akinyang'anywa simu anajikwaruza mpaka damu. Nawe ulipiga magoti hapa, kwenye ofisi hii, ukaniambia uko tayari kufanya kazi yoyote."

Alisukuma karatasi mezani. Ilikuwa taarifa fupi ya kifo cha Yusta. Mashine ilifuata kanuni, ilisema. Mpigaji aliulizwa, akajibu si muhimu.

"Hakuna uongo humo," alisema Tweve, kwa sauti ya mtu anayetamani kuaminiwa.

Odilia aliisoma mara mbili. Kweli, hakukuwa na uongo. "Nipe mpaka saa tisa," akasema.

*

Alikwenda nyumbani. Wema alikuwa amerudi kwa chakula cha mchana, anafua soksi za michezo kwenye beseni uani. Odilia alivuta kigoda akakaa mbele yake, akamwambia yote, ya kule kwenye pareto na ya ofisini, na uongo aliomwambia Obadia. Wema aliacha kufua. Mikono yake ilibaki kwenye maji yenye povu.

"Nikifungua, Mlango unafungwa," Odilia alimalizia. "Simu zitarudi kama zamani. Nataka kujua wewe unasemaje."

Wema aliikamua soksi moja, akairudisha kwenye maji.

"Usiniulize mimi, mama," alisema mwishowe. "Ukiniuliza nitasema usifungue, kwa sababu naogopa. Nakumbuka nilivyokuwa. Halafu kukiwa na mtu humo amekufa, nitakuwa nimesema hivyo maisha yangu yote."

Alianza kulia, na Odilia akamfuta uso kwa ncha ya khanga, kwa kuwa mikono ya Wema ilikuwa na sabuni. Wali ulipoa jikoni, hakuna aliyeugusa.

Saa tisa kasorobo Odilia alirudi ofisini. Hakuchukua ile karatasi. Alikaa kwenye mashine yake, akaandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe, kwa maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa: kwamba sikio la pili lilifundishwa vibaya, kwamba aliyelifundisha ni yeye, Odilia Chaula, na kwamba lilikosea kwa zaidi ya miaka miwili. Akaziachia simu zote sitini na tatu.

Tweve alisikia mlio kwenye mashine yake akaja kusimama mlangoni. Hakumfokea. Alisema tu, "Ungeniambia, ningeondoka jengoni nisiwepo wa kulaumiwa," akayaonea haya maneno yake mwenyewe, akageuka akaenda zake. Miaka mitatu walikuwa wamekula chakula cha mchana pamoja. Hawakuwahi kuzungumza tena.

*

Habari za zile simu zilikuja kidogo kidogo, kutoka kwa familia zenyewe. Nyingi zilikuwa salamu, kama Tweve alivyosema. Bibi mmoja aliulizia mbegu za njegere. Lakini mwanamume wa Matamba alikwenda kwa baba yake baada ya kusikia sauti, akamkuta kaanguka bafuni tangu juzi, yu hai. Msichana mmoja aliyekuwa amejitenga chumbani na jeraha lenye usaha aliwahiwa, wakamkata kidole kimoja, mguu ukabaki. Na mama mmoja simu yake ilimfikia mwanawe wakati mama huyo yuko mochwari.

Kisha watu wakaanza kuuliza kuhusu miaka miwili iliyopita. Walikuja nyumbani kwa Odilia, wakakaa kwenye kiti cha sebuleni, mmoja mmoja, na majina ya wafu wao na tarehe. Hakumfungia mtu mlango. Wengine walimtukana. Mzee mmoja alimletea picha ya mkewe, akaiweka mezani, akaondoka.

Bodi iliufunga Mlango baada ya siku tisa. Mji mzima ukalia simu. Ilikuwa kama mvua ya mawe juu ya bati, mchana kutwa. Siku ya tatu Odilia alimkuta Wema amekaa sakafuni nyuma ya kitanda, kidole kinakimbia juu ya kioo, macho yamekuwa mekundu, uji wa asubuhi umeganda pembeni. Alikaa sakafuni karibu naye. Hakumnyang'anya. Baada ya muda mrefu Wema aliunyoosha mkono bila kumtazama, akampa simu.

"Kesho nitaitaka," alisema.

"Kesho nitakupa upige unakotaka kupiga. Halafu utanirudishia."

"Nikikataa?"

"Tutakaa hapa hapa."

Siku nyingine alirudisha, siku nyingine hakurudisha. Walikuwa wawili tu sasa, bila mashine ya kuwasaidia.

*

Ilevelo alikwenda peke yake, katikati ya wiki. Obadia alikuwa uani anapasua mbao za kambini, anatengeneza uzio wa kaburi. Alisimama akampa kiti, akamuuliza habari za safari, akaingia ndani kumletea maji. Odilia aliyanywa kwanza, kwa kuwa aliona akianza kusema hatayanywa tena.

"Obadia, nilikudanganya. Yusta aliniachia sauti nne."

Alimweleza na mengine yote, habari za kisima na ndoo, za namba saba. Obadia alisikiliza huku amekaa juu ya gogo, msumeno umelala magotini. Tangazo alikuwa amelisikia redioni, lakini namba saba ilikuwa nani hakuwa ameambiwa.

"Nisikie," alisema.

Odilia akamfungulia. Alisikiliza zote nne, ameinamisha kichwa, na ile ya cheche aliomba irudiwe. Zilipokwisha alichezea meno ya msumeno kwa kidole gumba.

"Kule kwenye pareto nilikuomba msamaha," alisema.

"Ndiyo."

"Ukanipa."

Odilia aliirudisha simu mkobani.

Obadia alisimama, akaupangusa ubao vumbi kwa kiganja, akauweka sawa juu ya gogo. "Arobaini ni tarehe kumi na nane," alisema. "Wema aje, yule ni mtoto wa Yusta. Wewe usije, shemeji. Nakuomba."

Akaanza kukata. Odilia alisubiri kidogo, halafu akaenda kusimama barabarani kungoja basi.

Tarehe kumi na nane Wema alivaa gauni jeusi akaenda Ilevelo na basi la asubuhi. Odilia alibaki. Alifagia uwanja mara mbili. Alichagua mchele ambao hakuwa na nia ya kuupika, akauchagua wote. Wapita njia walimsalimu, akaitikia. Jua lilipokuwa linaegemea milima, Wema alitokea kwenye kona, viatu mkononi, miguu ina vumbi jekundu. Alikaa ngazini karibu na mama yake.

"Walikuja watu wengi?"

"Wengi. Uzio umekuwa mzuri. Wanawake wa kwaya wamekuulizia."

"Na baba yako mdogo?"

Wema aliviweka viatu chini, kimoja kando ya kingine, akavinyoosha.

"Hakukutaja, mama," alisema.